Herufi Mbili na Nukta

Wanafunzi walimbandika jina la Kwanini wiki yake ya kwanza pale shuleni, na wala hawakumwonea. Mwalimu huyu mgeni wa darasa la tatu B alikuwa hawezi kupita mahali bila kuuliza. Kengele ikigongwa dakika mbili kabla ya wakati, atauliza kwa nini. Mlango wa stoo ukifunguliwa kwa bega badala ya mkono, atauliza kwa nini. Mama yake, ambaye bado alikuwa akiishi naye, alishamwambia kuwa mume atakayempata itabidi awe na majibu mengi au masikio mabovu. Binti akacheka, kisha akataka kujua kwa nini masikio.

Lakini swali lililomkaba mwaka ule halikuwa la kuchekesha. Lilimkaba kooni hasa, maana kufikia wiki ya tatu sauti ilikuwa imekauka, akawa anaingia darasani na chupa ya maji ya moto yenye chumvi. Darasa lake lilikuwa na kelele za soko. Na mezani kwake kulikuwa na orodha iliyopigwa chapa na kugongwa muhuri, ikisema kwamba katika watoto wake arobaini na sita, kumi na watano ni watulivu. Idadi hiyo hiyo ya tatu A. Idadi hiyo hiyo ya tatu C. Sasa mbona kwa wenzake ukipita unasikia chaki ikikwaruza ubao, na kwake yeye mtu akitaka kusema neno lazima aanze kwa kupiga meza?

Akaamua kuwahesabu. Alikaa na orodha mapajani vipindi viwili vizima, kila jina la mtulivu akilitafutia sura yake. Mtulivu wa kwanza alikuwa amesimama juu ya dawati. Wa pili alikuwa chini ya dawati. Wa tatu na wa nne walikuwa wanagombania rula ambayo haikuwa ya yeyote kati yao. Kweli, walikuwepo wanane waliokaa vizuri, na hao hatuna ugomvi nao. Lakini saba wengine, jamani, kama wale ni watulivu basi hata mvua ya mawe ni tulivu.

Hebu kwanza tuseme jinsi shule ile ilivyokuwa ikipanga madarasa, maana bila hapo hatufiki mbali. Zamani walipanga kwa alama tu. Wenye akili walikwenda A, wa katikati B, na waliobaki C. Watoto wa C walikuwa wanajua kabisa kwamba wao ndio waliobaki, nao wakaishi kama waliobaki. Alipokuja Makamu wa mkuu wa shule, mwalimu wa hesabu, mtu wa kunyoosha mambo mpaka kola ya shati, akaukataa utaratibu ule. Tangu hapo kila mwisho wa mwaka mwalimu wa darasa la pili anajaza kadi moja kwa kila mtoto. Juu jina, katikati alama, na chini kabisa kisanduku cha tabia, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, kimeandikwa pembeni "kwa kifupi". Makamu anazimwaga kadi zote kwenye meza ndefu ya ofisi ya walimu na kuzigawa mafungu matatu, kama mtu anayegawa karata. Wepesi sawa kwa sawa, wazito sawa kwa sawa, watulivu na wakorofi vilevile.

Halafu kuna sheria ya kukaa. Kila mkorofi anakaa dawati moja na mtulivu, ili mmoja amtulize mwenzake. Na yule aliyeshindikana kabisa, ambaye tabia yake mwalimu ameipigia mistari miwili, anakaa dawati la peke yake, mbele kabisa, uso umeelekea ukutani. Kila darasa lilikuwa nalo dawati hilo. Katika tatu B orodha haikutaja mtoto wa kukaa hapo, kwa hiyo Kwanini alilitumia kuwekea madaftari ya kusahihisha.

Aliupenda mpango ule, tusimsingizie. Alimuuliza Makamu maswali kumi na mawili kuuhusu, na Makamu, ambaye miaka yote hiyo hajawahi kuulizwa hata moja, alimwona mtu wa maana sana.

Na katika orodha yake kulikuwa na jina moja lililomfurahisha kuliko yote. Mbele ya jina la msichana mmoja mwembamba, mwenye pengo la meno ya mbele, waliandika: mtulivu sana. Hakuna mwingine katika darasa la tatu lote aliyeandikiwa hivyo. Siku ya kwanza kabisa Kwanini akamtafuta, akamkuta amesimama mlangoni na mkoba mgongoni, anaangalia dawati la ukutani kama mtu anayeangalia kitanda chake. Akamshika bega akamwambia kwamba amesikia habari zake, kwamba yeye ndiye mtulivu kuliko wote, na kwamba ana kazi ya kumpa. Mtoto akageuka nyuma kutazama ni nani anayeambiwa. Nyuma hakukuwa na mtu.

Kazi yenyewe ilikuwa Pikipiki. Huyu alikuwa mvulana aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukuzima injini tangu asubuhi mpaka saa ya kurudi nyumbani, na akifika kona anapiga breki kwa miguu. Kwanini akawakalisha pamoja, mstari wa tatu, dirishani. Alisikia watoto wakicheka na kumwita yule msichana Honi. Akadhani ni utani wa kinyume, kama vile jitu refu linavyoitwa Kifupi, akapita zake.

Ndani ya wiki mbili injini ya Pikipiki ikawa inazimika. Si siku zote, lakini inazimika. Kwanini, unamjua tena, akasogea karibu akijifanya anafungua dirisha ili aone dawa ni nini. Dawati lao lilikuwa bovu, ukijitikisa kidogo linalia. Msichana alikuwa ametunga mchezo. Atakayelifanya dawati lilie, mwenzake anapata alama moja, na alama zote zinaandikwa ukurasa wa mwisho wa daftari. Mstari ukiwa mrefu sana upande wake, yule msichana anajitikisa makusudi naye apoteze, ili mwenzake asikate tamaa. Kwanini alirudi mezani kwake akiwa na furaha ya mtu aliyeokota kitu cha thamani njiani. Usiku ule alimsimulia mama yake mpaka chakula kikapoa.

Basi akatuma barua nyumbani kwa mtoto, mistari miwili tu, kwamba mlezi afike shuleni. Hakuwa na shida yoyote. Alitaka tu kujua mtoto mtulivu kiasi kile amelelewaje.

Aliyekuja alikuwa shangazi yake, fundi cherehani, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni na uzi mwekundu umenasa begani. Alikuja mbio. Hata salamu hakumaliza, akauliza, "Amevunja nini?"

Kwanini akamwambia hajavunja kitu. Shangazi akauliza kama amempiga mtu. Hapana. Kama amemtukana mwalimu. Hapana, shangazi, hebu kaa. Akakaa, lakini ukingoni mwa kiti, kama mtu anayesubiri kuitwa. Ndipo Kwanini akamweleza habari za mchezo wa dawati na Pikipiki, na mwisho akamwonyesha orodha, kidole kikiwa juu ya lile neno. Mtulivu sana.

Shangazi alilisoma neno lile. Halafu akaanza kucheka. Alicheka kicheko cha tumbo, akajifuta machozi kwa ile futi, akataka kusema neno, kicheko kikamrudia. Alipotulia ndipo akasimulia. Mtoto huyu, alisema, jina la Honi alipewa na mlinzi wa geti, kwa sababu sauti yake ilikuwa inamfikia kule getini akiwa darasani. Darasa la pili alilimaliza kwenye dawati la ukutani, kuanzia mwezi wa pili mpaka wa mwisho. Yeye shangazi aliitwa shuleni mara nyingi mpaka mlinzi akaacha kumuuliza jina. Na asubuhi zote za mwaka ule mtoto alikuwa anaamka na tumbo la kuuma, tumbo ambalo Jumamosi na Jumapili haliumi.

"Mwaka huu tumbo halijauma hata siku moja," alisema, na sasa hakuwa anacheka tena. "Mwalimu, kama mmekosea, naomba kosa hilo mliache hapo hapo lilipo."

Mtu mwingine angeishia hapo. Angemsindikiza shangazi mpaka getini, akarudi darasani, akanyamaza. Kwanini, wapi. Aliahidi kwa moyo wake wote kwamba mtoto hataguswa, na mapumziko ya saa nne yalipofika alikuwa tayari ameinama kwenye kabati la ofisi ya walimu, anatafuta bati la biskuti ambalo kadi zilihifadhiwa.

Zilikuwa mafungu matatu, kila fungu na mpira wake. Mwalimu wa pili A alikuwa na mwandiko safi wa kalamu ya bluu. Kwenye kisanduku cha tabia aliandika "Mt." kwa wengine na "Mk." kwa wengine, na kwa kuwa Pikipiki alikuwa "Mk.", Kwanini hakupata shida kujua kuwa hiyo ni mkorofi, na nyingine ni mtulivu. Mwalimu wa pili B alikuwa na herufi kama sisimizi, akaweza kuandika neno zima. Fungu la mwisho lilikuwa la pili C, la mwalimu mzee aliyeitwa Babu Chaki, kalamu nyekundu, mwandiko wa kulala. Yeye naye aliandika "Mt." Na wengine "Mp." Kwanini akazipanga "Mt." za pili C mezani, moja baada ya nyingine, akasoma majina. Yule wa juu ya dawati. Yule wa chini ya dawati. Wagombania rula wote wawili.

Ya mwisho ilikuwa ya Honi. "Mt.", na chini yake mistari miwili, imekandamizwa mpaka imetokeza nyuma ya kadi.

Alishindwa kujizuia akacheka kwa sauti, na walimu waliokuwa wanakunywa chai wakaja kuona. Basi ikawa burudani. Mmoja akasema hiyo ni mtundu, na Mp. ni mpole, si inajieleza. Mwingine akasema kwake yeye ni mtiifu. Mwalimu wa michezo akasema mtoro, maana hao wote anawajua kwa kutoroka mazoezi. Mwalimu wa muziki, ambaye ni mtu wa kwaya, akasema kwao kanisani Mt. ni Mtakatifu, kwa hiyo tatu B imejaliwa watakatifu wanane, na mmoja wao wa mistari miwili. Walicheka mpaka chai ikamwagika. Na ni kweli lugha yetu haikumwonea huruma Makamu: chukua majina ya tabia za watu, njema na mbaya, nusu yake yataanza na herufi hizo mbili.

Aliyekuwa hacheki ni mwalimu wa tatu C, shoga yake Kwanini, ambaye walikuwa wakila pamoja kila siku. Kwanini akamgeukia. Kitu kimoja kilikuwa hakijamwingia akilini: kadi za pili C ziligawanywa mafungu matatu, iweje wote wanane waangukie kwake? Shoga akaangalia kikombe chake. Akasema kwamba Makamu hafundishi madarasa ya chini, watoto hawajui kwa sura. Wao wawili, yeye na wa tatu A, waliona orodha siku moja kabla haijapigwa chapa, wakaona wakorofi wameandikwa watulivu, wakadhani Makamu kapitiwa. Wakahamisha. Mtulivu kwa mtulivu, ili hesabu isiharibike. Wale wanane wa pili C wote wakaenda B, kwa sababu mwalimu wa B alikuwa hajafika.

"Wewe ulikuwa hujafika," alirudia polepole. "Tulikuwa hatukujui."

Damu ilimchemka Kwanini. Siku zote hizi anakunywa maji ya chumvi, na mtu anayemwazima kijiko anajua sababu! Angesema maneno ambayo wangeyakumbuka wote wawili, lakini mlango ulikuwa umefunguka na Makamu alikuwa amesimama pale, anatazama kadi zake zimetandazwa na watu wanajifuta machozi.

Alielezwa. Alizisoma zote nane, akarudi akazisoma tena, na uso wake ukawa wa mtu aliyegundua kuwa jumla yake haikuwahi kuwa sahihi. Hakumlaumu mtu. Alisema kosa ni lake, kisanduku ni chake. Jumatatu madarasa yatapangwa upya. Kabla ya Ijumaa Babu Chaki aandike kwa neno zima kila alipoandika kwa kifupi, watundu wagawanywe sawa kwa madarasa yote matatu. Na huyu wa mistari miwili, alisema akiinua ile kadi, atakwenda tatu A, dawati la peke yake.

Hapo ndipo kicheko chote kilipomtoka Kwanini. Alijiona alivyo: mtu aliyeahidi saa mbili zilizopita, na kabla mate ya ahadi hayajakauka amekwenda kufukua mwenyewe. Akamfuata Makamu mpaka ofisini kwake. Akamweleza mchezo wa dawati, akamweleza tumbo la asubuhi. Makamu alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, mikono imefumbata kadi. Wale saba wengine, alimuuliza, wametulia? Kwanini hakuweza kusema uongo. Hawajatulia. Basi, Makamu akasema, hawezi kuweka sheria halafu aiondoe kwa mtoto mmoja kwa sababu mwalimu wake anampenda. Kadi ni ya mwalimu aliyekaa na mtoto mwaka mzima. Babu Chaki akiandika kitu kingine, yeye atagawa kwa kitu hicho. Asipoandika, imekwisha.

Babu Chaki hakuwa mtu mbaya, hilo atalisema kila aliyepita mikononi mwake, na ni wengi. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja astaafu. Goti lake la kulia lilikuwa bovu, koti lake jeupe mabegani kwa vumbi la chaki, na alikuwa na imani moja isiyotikisika, kwamba watoto hamsini wakitaka kusoma na mmoja hataki, wewe mwalimu ni wa wale hamsini. Kwanini alimkuta anachonga penseli za darasa zima, amezipanga kwa urefu. Alipomaliza kumweleza, mzee alipuliza vumbi la penseli.

"Mimi nimekaa na mtoto huyu mwaka," alisema. "Wewe mwezi haujaisha. Na wewe ulidanganywa na karatasi, mimi sikudanganywa na mtu."

Kwanini akamwambia hilo halikatai. Anaomba dakika arobaini tu. Aje akae nyuma ya darasa lake kipindi kimoja, atazame, halafu aandike anachokiona kwa neno lolote analotaka, hata kama ni lile lile. Mzee alikataa. Akaombwa tena. Akasema wasichana wa siku hizi wana ulimi, akasema goti, akasema kazi, na mwishowe, pengine kwa kuchoka tu, akasema Alhamisi kipindi cha pili.

Alhamisi ile Kwanini alikuwa na roho juu tangu alfajiri. Hakumwambia mtoto. Alifikiri kwamba akimwambia atamtia woga, na hapo ndipo alipokosea, lakini nani angejua. Akaweka kiti nyuma, karibu na mlango, akaanza somo la vipimo kwa kuwagawia kamba za kupimia madawati. Honi alishika ncha moja, Pikipiki nyingine, na walikuwa wanapima kwa makini, dawati kimya kabisa, pale Babu Chaki alipoingia kwa kunyata na kukaa. Dakika tano za mwanzo, nakuambia, Kwanini alitamani saa isimame. Mzee alikuwa ameinua shingo, anatafuta mistari ya mbele, ya katikati, na Kwanini akaelewa kuwa anamtafuta Honi na hamwoni. Alikuwa mbele ya macho yake.

Kisha Babu Chaki akakohoa.

Ni kikohozi chake tu cha siku zote, cha chaki. Msichana akageuka. Akamwona. Kamba ikamtoka mkononi, na Pikipiki aliyekuwa akiivuta akaanguka na kiti chake. Honi akapaza sauti, "Si mimi," na ilikuwa sauti kweli, mlinzi wa getini bila shaka aliisikia. Hakuna aliyesema ni yeye. Akasema tena, kwa nguvu zaidi, dawati likalia, chupa ya maji ya mtu ikabingirika, wale saba wakapata walichokuwa wanakisubiri na darasa zima likalipuka. Kwanini alifungua mdomo na sauti yake iliyokauka haikutoka.

Halikuhitajika neno, hata hivyo. Honi alinyamaza ghafla. Akaokota daftari lake, akaokota penseli, akafunga mkoba. Akatembea katikati ya madawati mpaka mbele, akayahamisha madaftari ya kusahihisha, mafungu mawili, akayaweka sakafuni vizuri yasianguke. Kisha akaketi kwenye dawati la peke yake na kugeuza uso ukutani. Hakuna aliyemtuma.

Darasa lilinyamaza lote. Hata Pikipiki, bado yuko chini, alikuwa kimya. Kwanini akainama kumwinua Pikipiki. Alipoinua macho kutazama nyuma, kiti kilikuwa kitupu na mlango uko wazi.

Siku nzima iliyobaki alijilaumu. Alimrudisha mtoto kwenye nafasi yake, mtoto akarudi kwa sababu ameambiwa, lakini ukurasa wa alama haukufunguliwa. Kwanini aliona kwamba si tu ameshindwa kumwokoa, ameleta ushahidi kwa mikono yake. Mzee alikuja kumtafuta Honi, akampata. Angeandika nini zaidi?

Ijumaa mchana Makamu akamwita. Kadi nane zilikuwa mezani, zimepangwa mstari mmoja. Kwenye saba Babu Chaki alikuwa amefuta "Mt." na kuandika kwa mwandiko wake wa kulala: mtundu, mtundu, mtundu. Makamu akaisogeza ya nane kwa kidole.

"Hii siielewi," alisema. "Niiweke fungu gani?"

Mistari miwili ilikuwa imekatwa. Kisanduku hakikutosha, kwa hiyo maneno yalikuwa yametoka nje na kupanda pembeni mwa kadi. Kwanini ilibidi aigeuze ili asome. "Mtundu nikiwepo mimi."

Makamu alisubiri aelezwe. Kwanini akamweleza aliyoyaona kwa macho yake: kamba, kikohozi, mkoba, madaftari yaliyowekwa sakafuni. Alipofika kwenye mtoto aliyejipeleka mwenyewe ukutani, Makamu alivua miwani akaifuta muda mrefu kuliko ilivyokuwa chafu. Akaichukua kadi. Fungu la kuiweka hakuwa nalo, akasema, na kadi isiyo na fungu haihamishwi. Akaitia kwenye bahasha ya tatu B. Wale saba waligawanywa Jumatatu kama alivyopanga, wawili wakabaki B, na koo la Kwanini likaanza kupona.

Kuhusu Babu Chaki, hakutaka kuzungumza habari hizo. Kwanini alimfuata kumshukuru, mzee akamwambia mwanangu nina madaftari hapa. Lakini darasa lake lilikuwa mwisho wa veranda, na njia ya kwenda huko ilipita chini ya madirisha ya tatu B, mstari wa tatu, pale dirishani. Tangu Ijumaa ile hakuipita tena. Alikuwa anazunguka nyuma ya jengo, kwenye matangi ya maji na ngazi sita za saruji, asubuhi na mchana, kwenda na kurudi, ameshika ukuta kwa ajili ya lile goti, na kikohozi kikimjia alikuwa anasimama kwanza, anaziba mdomo kwa kiganja, mpaka kimpite.